Upupu Kwenye Kikao cha Mahari

Baba mdogo alitaka ng'ombe kumi na wawili kwa binti yake, na kwa jinsi alivyojipanga, angewapata. Upande wa bwana harusi walitoka Kasulu, watu wa mifugo, na binti mwenyewe ana diploma. Mshenga alishatuma salamu kwamba wazee wanakuja na moyo mweupe. Kilichobaki ni kupamba.

Mpambaji wa mjini akataja bei. Baba mdogo akacheka, akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi akachukua panga.

Sasa nijieleze mimi kidogo, maana kwenye ukoo wetu kisa hiki kinasimuliwa kana kwamba upupu niliupanda mimi. Kazi yangu ni kubeba mbao. Naongozana na wataalamu wa mimea kwenye misitu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, nikiwa na mbao mbili zenye mikanda, na katikati yake tunabana majani ndani ya magazeti ya zamani mpaka yakauke. Ukibeba mbao hizo muda mrefu, nawe unaanza kuitwa mtaalamu, hasa nyumbani. Pale kwa baba mdogo, Gungu, Kigoma mjini, naitwa Profesa wa Majani, kwa sauti ile ambayo huwezi kujua unasifiwa au unasutwa.

Na mimea inayotutoa jasho kuliko yote ni hii inayopanda juu ya mingine. Mti unaweza kuupiga picha ukaenda zako. Mmea wa kupanda, ua lake liko huko juu kwenye jua, wewe uko chini na shingo yako, na ulichoachiwa ni shina na majani machache ya kivulini. Basi unasoma hivyo hivyo. Unakwaruza shina kwa ukucha: likitoa maziwa meupe yanayonata, na majani yametazamana mawili mawili, unaanza kufikiria mbungo. Sokwe wa hifadhi ya Gombe wanaujua mbungo kuliko sisi, maana tangu mtafiti Jane Goodall alipofika pale mwaka 1960 kila wanachotia mdomoni kinaandikwa, na mabungo hayakosi kwenye daftari. Kisha unaangalia mmea umejishikaje. Kama una vikono vya kujiviringisha, angalia vimetokea wapi: vya pasheni vinachomoza pale jani linapoungana na shina, lakini vya jamii ya mizabibu vinatokea upande wa pili, vimelipa jani mgongo. Usipoona kikono wala mwiba, basi shina lenyewe ndilo linalojisokota, na hapo uliza linasokota kuelekea wapi. Kuna viazi vikuu vya aina mbili vinavyotofautiana hapo hapo, kimoja kinazunguka mti kwa upande huu na kingine kwa upande ule. Nimewahi kumwona mtu mwenye shahada ya uzamivu akizunguka mti na kidole hewani, anarudi nyuma, anazunguka tena, mpaka mvuvi aliyekuwa anapita akaniuliza pembeni kama mzee yuko sawa.

Lakini balaa lenyewe ni jamii ya kunde. Kunde, maharage, fiwi, choroko, wote jani lao ni moja lililogawanyika vipande vitatu. Ukimwambia mtu "lina majani matatu" hujamwambia kitu.

Na ndicho hicho hicho baba mdogo alichoambiwa. Alihudhuria semina moja ya kilimo, akaambiwa kuna mmea wa kurutubisha udongo, unafunika shamba, unaua magugu, majani matatu matatu, ua la zambarau linaloning'inia kwa vishada. Yote kweli tupu. Mmea huo ni upupu uliofugwa. Ni Mucuna pruriens, jina lile lile la kitaalamu la upupu wa porini, ila mapodo yake, yale maganda yenye mbegu, yana manyoya laini kama mahameli, unaweza kuyashika na kuyasugua shavuni. Baba mdogo akashika kichwani lile ua la zambarau na majani matatu, akatoka semina. Habari ya mapodo labda ilitolewa wakati wa chai.

Siku ya kikao nilishuka Kibirizi na boti ya asubuhi, nikafika Gungu nikiwa bado na mchanga kwenye viatu. Geti lilikuwa limebadilika. Nguzo mbili zimevikwa makuti ya michikichi, zimeunganishwa juu kwa upinde, na juu ya upinde baba mdogo amezungusha mmea wa kupanda, mita na mita, mbichi chini na mkavu mkavu juu, umeshuka pembeni kama pazia. Niseme ukweli, lilipendeza.

Nikavuta jani moja. Vipande vitatu. Cha katikati kimekaa sawasawa, kushoto na kulia vinalingana. Vya pembeni vimepinda: nusu ya nje imenenepa, nusu ya ndani imebana, ni kama mtu aliyekata kitambaa gizani. Nikageuza chini, nikakuta manyoya madogo ya kijivu yanayong'aa yamelala upande mmoja. Shina halina kikono wala maziwa. Nikajua ni upupu. Upupu upi, hapo jani halisemi. Huu na ule jani lao ni lile lile. Kinachosema ni podo, na mapodo yalikuwa juu ya upinde, yamefunikwa na makuti, mwezi wa Agosti, yamekauka vizuri kabisa.

"Baba mdogo, huu umeutoa wapi?"

"Kule bondeni, nyuma ya reli. Bure. Ni ule wa mbolea, bwana shamba alitufundisha."

"Alikuonyesha podo lake?"

"Profesa, leo tunaoza. Hatufanyi mtihani."

Nikaomba ngazi. Shangazi akanishika mkono pale pale, akanielekeza kwenye viti vya nyuma. "Wageni wako karibu kufika, wewe unataka kupanda getini na hiyo suruali ya boti? Kakae!"

Wageni walipita chini ya upinde ule mmoja mmoja, taratibu, kwa sababu baba mdogo alisimama pale pale getini akimpa kila mmoja mkono na kumuuliza habari za Kasulu, za njiani, za mifugo, za mvua zilizopita. Mzee mmoja mrefu, mwenye kofia ya pama, aligusa majani kwa kofia yake. Upepo wa mchana wa kutoka ziwani ukaanza kuingia.

Mazungumzo ya mahari yana adabu zake. Hakuna mtu anayekimbilia bei. Mshenga alianza na ua zuri walilolisikia harufu yake kutoka mbali, sisi tukajifanya hatujui ua gani, kwetu maua ni mengi. Tukafika mahali pa kutajwa ng'ombe. Baba mdogo akajikohoza.

"Kumi na wawili."

Mzee mwenye pama akatikisa mabega yote mawili, kwa nguvu.

Kwenye kikao kama kile, kutikisa mabega ni jibu, tena jibu zito. Baba mdogo alishtuka. Alitegemea angalau maneno kwanza. Akamnong'oneza kaka yake, yaani baba yangu, wakashauriana, akarudi: "Basi, kwa heshima ya umbali mliotoka, kumi."

Mzee wa pili upande wao akainuka, akaenda kwenye nguzo ya turubai, akaipa mgongo, akaanza kuisugua, juu na chini, macho ameyaelekeza angani.

"Wanatudharau," shangazi akasema kwa chini.

Kumbe wenzetu nao walikuwa wanateseka kimya kimya. Utajikunaje ukweni? Mtu umevaa suti, umekuja kuomba mke, unaingizaje mkono ndani ya shati mbele ya mama mkwe mtarajiwa? Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, labda shati halikusuuzwa vizuri sabuni, labda viti vya gari vina kunguni. Mshenga alikuwa anaongea huku anasokota shingo ndani ya kola. Kijana mwenyewe, bwana harusi, alikuwa ameiminya mikono katikati ya magoti na machozi yanamlenga, na mama mdogo akamwangalia kwa huruma: "Anampenda sana mwanangu, jamani."

Baba mdogo akashuka hadi nane. Mzee wa pama akavua pama, akaitupa chini. Saba. Mtu wao mwingine akatoka nje bila kuaga. Tulipofika sita, baba mdogo mwenyewe akanyamaza katikati ya sentensi, akapeleka mkono nyuma ya shingo, akausahau huko. Alikuwa amesimama chini ya upinde ule muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Mimi huwa natembea na kioo kidogo cha kukuzia, kimefungwa kamba, cha kuangalia manyoya ya majani. Nikamsogelea mshenga, nikamwomba radhi, nikakisogeza kwenye kola yake. Zilikuwepo: sindano za rangi ya dhahabu iliyoungua, fupi, zimechomeka kwenye uzi wa shati zimesimama wima. Ncha yake ina vijino vinavyotazama nyuma, ndiyo maana ukijikuna unazizamisha. Na ndani yake kuna kimeng'enya kinachoamsha mishipa ya muwasho kwa njia yake chenyewe, si ile ya mzio wa kawaida, kwa hiyo vidonge vya mzio alivyokimbilia kununua binamu yangu duka la dawa havikumsaidia mtu. Huko Marekani watafiti wa muwasho huutumia upupu makusudi, na watu wanajitolea kuchomekwa vinywele hivyo mkononi ili wapimwe. Sisi Gungu tulijitolea bila fomu.

"Ni upupu!" nikasema.

Kimya. Halafu baba mdogo, mkono bado uko shingoni: "Si upupu. Ni wa mbolea."

"Wa mbolea hauwashi, baba mdogo."

"Haujaniwasha!"

Neno hilo, upupu, lilifungua mlango. Kikao kizima kikajikuna. Wazee wa Kasulu, wazee wetu, mshenga, shangazi aliyekuwa ameninyamazisha, wote, kwa pamoja, kwa raha na uchungu. Mtu akakimbilia ndoo ya maji na taulo, nikapiga kelele asisugue, lakini mtu anayewashwa hana masikio. Ndipo bibi alipotoka jikoni na sufuria la mafuta ya mawese na sahani ya majivu. Hakuuliza kitu. Alianza na mkubwa wao, mzee wa pama, akampaka shingo na mikono mpaka viwiko, akanyunyizia majivu, akamwambia atulie yakauke kisha yabanduliwe pamoja na manyoya. Watoto wakaleta selotepu za shule, wakawa wanabandika na kubandua migongo ya watu wazima na kucheka. Ilifanya kazi kuliko mawese, ila bibi hajakubali mpaka leo.

Mawese hayatoki kwenye shati jeupe. Ukifua kwa sabuni yanakuwa njano, ukianika juani yanafifia kidogo, lakini kivuli kinabaki. Ujumbe wote wa Kasulu ulikuwa na kola za rangi ya machungwa, wamekaa wima, hawataki mgongo uguse kiti, na mbele yao ugali wa muhogo na migebuka inapoa.

Mshenga akasimama. Sauti imemkauka.

"Wazee wangu. Watano na mbuzi."

Kwa kawaida hapo ndipo mchezo unapoanza. Baba mdogo alifungua mdomo, akaangalia upinde wake, upepo ukausukuma kidogo na vumbi jembamba la dhahabu likaonekana kwenye jua likishuka kuelekea kwetu.

"Imepita," akasema.

Walitoka kwa kuruka ukuta wa nyuma, wazee kwa vijana, tukiwashika miguu. Mzee wa pama aliacha pama yake. Hatukuthubutu kuigusa.

Ndoa ilifungwa na inaenda vizuri. Geti lile halikushushwa, kwa sababu hakuna aliyekubali kulishusha. Ukiuchoma moto, manyoya yanapanda na hewa, na majirani walishatuma ujumbe kuhusu hilo. Lilikaa pale mpaka mvua zikaja zikalilaza. Katika muda huo wote, kuku wa baba mdogo, ambao huibiwa kila mwezi, hawakupungua hata mmoja.

Juzi kanifuata kwa siri, mfukoni ana jani limefungwa kwenye karatasi. Anataka kupanda uzio wa nyuma, upande wa mabanda.

"Profesa, liangalie vizuri. Ni lenyewe kweli? Lisije likawa lile la mbolea."

Nikaligeuza. Vipande vitatu, vya pembeni vimepinda, chini manyoya ya kijivu. Nikamwambia kwa jani peke yake siwezi kuapa, tusubiri podo.

Akafikiri, akalirudisha mfukoni kwa uangalifu.

"Basi tusubiri likauke. Halafu tumwite mshenga aje apite chini yake."