Shangazi, Vitumbua na Megahezi Kumi

Kuna klipu inazunguka. Najua mmeiona, maana hadi fundi friji wa mtaa wa pili amenipigia kuniuliza hamira nauza bei gani. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, kaikata pale panapomfaa yeye, halafu juu kaandika "Mtaalamu wa saa za atomiki aumbuka". Kwanza, si saa ya atomiki. Hilo tuliweke sawa kabla hamjaendelea kucheka.

Ni osileta ya kwatzi, yaani kifaa cha kutoa mapigo ya umeme yasiyoyumba. Kipande cha kwatzi, lile jiwe la fuwele, kinatetema mara milioni 10 kwa sekunde, ndizo megahezi 10, nacho kimefungiwa ndani ya kioveni kidogo kinachokaa kwenye nyuzi 80 hivi usiku na mchana, ili baridi ya Arusha isikifikie. Changu ni mtumba, kiling'olewa kwenye mtambo wa mnara wa simu. Sasa vitu hivi vinazeeka. Uchafu ambao hata huuoni unahama humo ndani na kutua kwenye kwatzi au kubanduka, vishikizo navyo vinaachia taratibu ule mkazo wa tangu kiwandani, na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanasogea. Siku za mwanzo yanasogea mbio, baadaye yanatulia, mradi usizime. Ukizima ukawasha tena, hayarudi palepale. Ndiyo maana nilikifungia betri ya akiba: umeme ukikatika sisi tunakaa gizani, chenyewe kinaota moto.

Nikakiweka stoo, ukuta mmoja na jiko, pasipo upepo wala jua. Waya ukapenya hadi sebuleni kwenye kaunta, mashine ya kuhesabu mitetemo, inayojilinganisha na GPS, na kila asubuhi naandika namba. Grafu ikatoka tamu, mteremko unalala, unalala, mpaka kimefika kuhama milihezi moja tu kwa siku (elfu moja ya mtetemo kwa sekunde), yaani sehemu moja kati ya bilioni 10. Nikaanza kuwatumia watu picha ya grafu. Hata wasioomba. (Shemeji, ile ya saa nane usiku samahani.)

Jumamosi jioni nikaitisha kikao cha video na mafundi wenzangu, ili waone. Akaingia na Mzee mmoja mstaafu, aliyelea mitambo ya redio tangu enzi za valvu. Nikaelekeza kamera kwenye kaunta bila hata kuiangalia, maana nilikuwa na uhakika.

9,999,999.971.

Asubuhi ilikuwa 10,000,000.002. Safari ya mwezi mzima, kimeimaliza kati ya chai na magharibi.

Mtu mwenye akili zake angesema mtandao unasumbua, akakata. Mimi nikatoa mhadhara. Nikawaambia wamebahatika kushuhudia jambo adimu, mkazo wa miaka umeachia ghafla kwenye vishikizo, kwatzi imeruka. Nilisema "adimu" zaidi ya mara moja, kwenye klipu yapo yote, hilo rafiki yangu hakulikata.

Mzee akasubiri nimalize. "Kijana, kuna mtu amekigeuza?"

Nikacheka. Naam, nilimcheka Mzee. Akaeleza polepole kwamba kwatzi inausikia uzito wake yenyewe. Ukiigeuza juu chini, masafa yanahama sehemu mbili tatu kati ya bilioni, na hapo yalikuwa yamehama tatu. Nikamwambia, Mzee, kiko stoo, nani akakiguse? Nikachukua simu, kikao kikiwa hewani, twende wote wakajionee.

Nikasukuma mlango.

Kitu cha kwanza kuonekana kwenye kamera ni kanga. Kanga imefunika kitu cha duara. Bado sikuelewa, naapa, mkono wangu ukaifunua kama wa mtu mwingine. Chini ya kanga, sufuria. Ndani ya sufuria, unga wa vitumbua umeumuka hadi ukingoni, hiliki inanukia, na mchirizi mmoja mweupe wa tui unashuka taratibu ubavuni mwa boksi langu la alumini, boksi limelala kifudifudi, kile kifundo cha kurekebishia kimechomekwa katikati ya matofali mawili ili lisiyumbe. Povu moja likapanda juu ya unga. Likavimba. Sisi wote kwenye kikao tunalitazama. Likapasuka, pwa.

"Umeumuka vizuri," akasema Mzee.

Nyuma yangu: "We! Funika, baridi itauingia!"

Shangazi alikuja kutoka Tanga wiki hiyo, na tangu afike ananung'unika kwamba Julai ya Arusha hamira inakufa. Alishaniuliza kile cha moto stoo ni nini. Mimi macho yako kwenye simu, nikamjibu, "Kaoveni tu Shangazi, ila usikazime." Na hakukazima! Taa ilikuwa inawaka. Alikageuza tu, kwa sababu sufuria haikai juu ya kifundo.

Basi. Nilikata kikao. Nikafuta tui kwa spiriti, nikaligeuza boksi, kesho yake namba zilikuwa zimerudi karibu na pale, lakini si palepale, na grafu sasa ina nundu ambayo Mzee ameshauri niiandikie "tui". Vitumbua nilikula, nimenuna, na vilikuwa laini kuliko vyote alivyowahi kupika nyumbani kwangu.

Msiponiona kwenye kundi la mafundi, msinitafute. Na Shangazi bado yupo. Ijumaa ana maulidi kwa jirani, na tangu jana ananiuliza kama mjini hawauzi kale kaoveni, ila kakubwa kidogo, kasiko na hicho kinundu juu.