Sikulewa, Niliserereka

Kwanza kabisa: sikulewa. Naanzia hapo kwa sababu video aliyonirekodi shoga yangu nikiserereka kwenye theluji imeshafika Tanga, na kila inapopita inaongezwa chumvi, eti nilikuwa nimelewa. Kile kikombe mnachokiona mkononi mwangu kilikuwa cha chokoleti ya moto. Anayebisha aje anuse glavu, sijazifua.

Tulikwenda Leavenworth kuona taa. Mnaokaa Kent na Tukwila, huku karibu na Seattle, mnajua, Desemba haipiti bila mtu kurudi na picha za kule. Kwa walio nyumbani: ni kimji cha milimani, jimbo la Washington, zamani cha reli na magogo. Biashara ikafa, miaka ya 1960 wenyewe wakaamua kukivisha Ujerumani, mapaa ya kule jimbo la Bavaria kila nyumba. Wakazi hawafiki 3,000, taa zinapita nusu milioni. Gawanyeni wenyewe. Kwetu balbu ya ukumbini ilikuwa inahamishiwa chumba cha wageni wakija wageni.

Njia ya Stevens Pass, ya kuvuka milima, siielezi. Nilifumba macho.

Mavazi ndiyo kesi. Koti refu la nailoni, limejaa manyoya ya bata, linagusa vifundo. Ndani sweta mbili, na kiunoni nimejifunga kanga ya mama (nilivyoipata tusiulizane). Miguuni buti nyeusi, soli laini kama sahani. Nilizinunua kwa ajili ya picha. Haya, semeni.

Pale Front Street katikati kuna bustani yenye mteremko, watoto wanapanda na vikarai vya plastiki wanashuka wakiserereka. Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, miti yote inawaka. Shoga yangu akatoa simu. "Panda juu kidogo, nikupate na miti." Nikapanda ubavu ubavu kama kaa. "Rudi nyuma." Nikarudi. "Kidogo tena, kichwa kinakatika."

Sasa hapa twende taratibu, maana video ina sekunde kumi na moja lakini mimi nilikaa mle mwaka mzima.

Mguu wa kushoto uliondoka bila kuaga. Wa kulia ukaufuata. Nikakaa, pwaa! Nikadhani yameisha, mtu mzima kakaa chini, kwani dhambi? Nikageuka pembeni nikatabasamu. Ndipo nikaona mti unaondoka. Kumbe ninayeondoka ni mimi.

Mliokulia pwani mnalikumbuka karara la mnazi, unakalia, mwenzako anavuta. Sasa lile koti ni karara lisilohitaji mvutaji. Nikajaribu kukanyaga breki kwa visigino. Nikaishia kulala chali. Juu yangu taa zikawa zinapita, nyekundu, buluu, kijani, matawi yamebeba theluji, na katikati ya balaa lile nikawaza kwa utulivu kabisa: loo, kumbe nzuri kweli. Mkono wa kulia uko wima na kikombe. Dola saba zile, singemwaga.

Mtoto mmoja kwenye karai la kijani akawa sambamba nami. Tukatazamana kama abiria wa daladala mbili kwenye foleni. Halafu akanipita. Msinicheke, nilikuwa mzito na sina karai.

Chini kabisa alisimama mtu wa theluji, pua ya karoti, skafu shingoni. Nikaanza kumpigia kelele: "Pisha! Pisha wewe!" Kwa Kiswahili. Mtu wa theluji. Hana hata miguu.

Hakupisha. Kichwa chake kikaja kunitua mapajani, karoti ikinitazama.

Umati ukapiga makofi, wakidhani ni mchezo wangu. Mtoto aliyemjenga yule mtu wa theluji akalia, mama yake akaniomba radhi MIMI, nikamwachia mtoto ile chokoleti, nikainuka, nikaondoka. Nyonga siizungumzii. Safari ya kurudi nilikaa upande mmoja.

Lililonimaliza ni jingine. Pale nilipotua, koti lilikuwa limepanda hadi kifuani, na kanga imekunjuka vizuri mbele ya Bavaria nzima, maandishi yote yanasomeka: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Shoga yangu kaivuta picha ikaja karibu, kaisimamisha hapohapo, katengeneza stika. Kuna watu siwajui wanajibiana kwa mapaja yangu.

Jana saa nane za usiku simu ikaita, mama, Tanga. Kwao mchana. Nikapokea kwa sauti ya mgonjwa, nikangojea pole.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kanga. Mwaka wa tano naitafuta, na jirani nimeshamnunia."