Gari la Zamani Halipimwi Usiku wa Kuamkia Safari

Mwenye gari kuukuu akitaka kusafiri mbali, wasiwasi wake wa kwanza huwa umri. Gari lina miaka 18, litafika kweli? Mimi humrudishia swali: mara ya mwisho uliliendesha saa mbili mfululizo, likiwa limejaa watu na mizigo, ni lini? Wengi hunyamaza hapo. Gari lao ni la kwenda kazini na kurudi, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, na kwa mwendo huo linaweza kuficha ugonjwa mwaka mzima. Rejeta iliyoanza kuziba inaweza isijulikane mpaka ikutane na mlima mrefu. Beringi ya gurudumu inayoisha huanza kuvuma gari likikolea mwendo, na mjini mwendo huo huufikii.

Kwa hiyo nasema, na nasisitiza: gari la zamani lipimwe wiki mbili kabla ya safari, tena lipimwe barabarani. Kufungua boneti usiku wa kuamkia safari na kumuuliza fundi "liko sawa?" si kupima gari.

Haya nimeyapata kwa machungu. Kuna safari niliyopeleka gari gereji jioni ya mwisho ili wabadilishe kolanti, yaani maji ya kupoza injini, na mpira wa juu wa rejeta, kwa nia njema kabisa. Alfajiri tukaondoka, mama yangu kakaa nyuma. Baada ya saa moja na kitu nikaona mshale wa joto, ambao siku zote hukaa chini kidogo ya nusu, umevuka nusu na bado unapanda. Nikaegesha, nikazima. Nilipofungua boneti nikakuta mvuke umetanda, na mpira ule mpya umechomoka kwenye mdomo wa rejeta. Klipu yake haikukazwa vizuri. Gari lilipopoa niliizungusha kwa vidole viwili tu. Mama alitaka tumimine maji papo hapo. Nikamwomba tusubiri, maana maji baridi yakiingia kwenye injini iliyochemka yanaweza kupasua silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Na mahali ambapo mpira haujachomoka, mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kabisa: ndani kuna presha, na maji hayo hukurukia usoni. Tulikaa kivulini zaidi ya saa nzima, naye hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniumiza zaidi.

Mpira wenyewe ulikuwa mzima. Laiti gari lingetembea kilomita 50 tu kati ya gereji na safari, klipu ile ingejisema yenyewe karibu na nyumbani.

Tangu siku hiyo nikikagua gari la zamani naanza na vitu vya mpira, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Kilomita za kwenye dashibodi siziamini sana. Zinaweza kurudishwa nyuma, na hata zikiwa za kweli, gari lililotembea kidogo huenda lilisimama miaka juani. Tazama ubavu wa tairi: mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne. Ukikuta 2317, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likipita miaka 6 mimi hulitazama kwa shaka, nikitafuta nyufa ndogondogo ubavuni. Likifika 10 nalitoa, hata kama halijawa kipara. Na spea tairi je? Mara nyingi ni lile lile lililokuja na gari, halijawahi kushuka, na siku linapohitajika ndipo mtu anagundua kuwa halina upepo.

Mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa kupishana na pistoni, ndio unaonikosesha usingizi. Baadhi ya injini zina cheni badala ya mkanda, kwa hiyo ujue kwanza lako lina nini. Kwenye injini nyingi zenye mkanda, ukikatika, pistoni hugongana na valvu na injini hufa palepale, mara nyingi bila onyo lolote. Aliyekuuzia akisema "nilibadilisha majuzi" na hana risiti wala tarehe, hesabu kuwa haujabadilishwa. Usisafiri nao.

Breki watu huishia kwenye pedi. Mafuta ya breki nayo huchakaa: hunyonya unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa umekanyaga muda wote, yakichemka huzaa mapovu na pedali hudidimia mguuni kama godoro. Miaka miwili ikipita, yabadilishe.

Oili nina maoni ambayo mafundi wengine hawayapendi. Gari linalokula oili kidogo sioni sababu ya kulizuia safari, mradi umepima na unajua linakula kiasi gani kwa kilomita 1,000, na umebeba ya kuongezea. Ninachokiogopa ni maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Hapo huenda gasketi ya hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike, imeungua. Gari hilo libaki nyumbani.

Ukishamaliza matengenezo, liendeshe saa nzima kwa mwendo wa safari, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Ukirudi, laza kipande cha boksi chini ya injini, ulale.

Safari yetu iliyopita nilifanya hivyo, na asubuhi nikakuta doa moja la ukubwa wa sarafu, jekundu. Maji ya kiyoyozi hayana rangi, na oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Nikaingia chini na tochi, nikapapasa mpira mmoja baada ya mwingine, mpaka kidole kikatoka na unyevu kwenye ule unaotoka pampu ya usukani. Zilikuwa zimebaki siku 11. Mpira ukabadilishwa, nikaliendesha saa nyingine nzima, nikalaza boksi jipya. Kulipokucha lilikuwa kavu. Nikampigia mama simu, nikamwambia afunge mzigo.