Mabegi Yana Kipimo, Magoti Hayana

Jamaa alikuwa amevua viatu. Hicho ndicho kilichonimaliza. Amekaa safu ya mlango wa dharura wa ndege, mbele yake kuna uwazi wa kuegesha baiskeli, na vidole vyake vya miguu vinaligusa zulia kwa kubahatisha. Kalala fofofo. Mimi niko safu mbili nyuma yake, mita 1.96 bila viatu, goti la kulia limezama kwenye mfuko wa kiti cha mbele na kuikunja ile kadi ya maelekezo ya usalama, goti la kushoto limetokeza ujiani likisubiri toroli ya vinywaji. Toroli ikaja. Wenzangu warefu mnaijua ile kona yake ya chuma, na mnajua inapopiga.

Safari ilikuwa ya masaa tisa.

Kabla ya kupanda nilikwenda kaunta kuuliza, kwa adabu zote, kama safu ya mlangoni ina nafasi. Dada akanitazama kuanzia chini hadi juu, kazi ambayo kwa kimo changu huchukua muda, akatabasamu: "Ipo kaka, lakini ni ya kulipia." Bei aliyonitajia ilinifanya nicheke. Nikakataa, maana nina kiburi, na kiburi changu nacho kirefu. Yule jamaa nilikuja kumuuliza tulipokutana kwenye foleni ya choo. Hakulipa hata senti. Safu ilibaki wazi, wahudumu wakamtoa alikokuwa wakamweka pale. Hata hakuomba! Akaniambia pana baridi kidogo.

Sasa hapohapo kaunta kulikuwa na kile kisanduku cha kupimia mabegi ya mkononi. Begi likizidi kidole kimoja, linarudi, au unalipa. Kuna mama mmoja aliambiwa alipunguze begi lake nguo mbili, akazivaa juu ya alizokuwa amevaa, begi likapita. Mashirika haya yanajua urefu, upana na kina cha begi lako kuliko wewe mwenyewe. Mwenye begi hapimwi. Anaweza kuwa na mita moja na nusu au mita mbili na ushee, kwao ni abiria mmoja, siti moja, shukrani kwa kusafiri nasi.

Nilirudi nyumbani nikajipima. Nikakaa chini, mgongo ukutani, mke wangu akashika futi. Kutoka ukutani hadi ncha ya goti: sentimita 68. Haya, tufanye hesabu. Ile nafasi ya viti inayotajwa kwenye matangazo hupimwa kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo wa kiti umo humohumo ndani. Huko Marekani inchi 35 ziliwahi kuwa kitu cha kawaida kwenye daraja la chini. Zikashuka hadi 31, na zipo ndege zenye 28. Inchi 28 ni sentimita 71. Toa 68 zangu, zinabaki tatu, na katika hizo tatu uenee mgongo mzima wa kiti cha mbele, mfuko wake na meza yake ya kukunja. Hauenei. Hapo hatuzungumzii starehe tena, mfupa hauna pa kwenda.

Ndiyo maana neno "starehe" linanichefua. Siti zenye nafasi ya miguu zimewekwa kapu moja na mvinyo wa bure na kupanda ndege mapema, kana kwamba mtu mrefu aliamka siku moja akaona ajipe raha ya paja refu. Kimo sikukichagua. Hakuna mazoezi ya kukipunguza. Na tafadhali, yule shangazi wa kila ukoo anayesema "wenzio wanautamani huo urefu", aje akae siti ya katikati nimuone.

Wakubwa nao wamelitazama jambo hili kwa jicho moja. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington ilisikiliza kesi ya kikundi cha abiria dhidi ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na Jaji Patricia Millett akaiita kesi ya kiti cha ndege kinachosinyaa ajabu. Mwaka uliofuata Bunge lao likaiagiza FAA iweke kipimo cha chini kabisa cha siti. Wakafanya majaribio Oklahoma City, watu wa kujitolea wenye afya zao, wasiozidi miaka 60, wakakimbizwa kutoka kwenye viti. Mwaka 2022 wakaomba maoni ya umma, wakapata zaidi ya 26,000. Muda wote huo swali lao lilikuwa je, ukitokea moto utatoka? Kama ulikaa vipi kabla ya huo moto, hayo yako.

Nakubali, shingo upande, kwamba nauli zimeshuka mno kulinganisha na zamani, na viti vilivyobanana ni sehemu ya sababu. Nakubali pia kwamba si kila mrefu anafaa mlangoni: lazima usikie, uelewe maelekezo, uwe na nguvu na utayari wa kusaidia, na Marekani usiwe chini ya miaka 15. Sawa. Wala sidai za bure. Nadai foleni ibadilike. Nikikata tiketi niulizwe kimo kama ninavyoulizwa chakula, siti hizo tuoneshwe kwanza sisi, zikibaki ndipo auziwe anayetaka kunyoosha tu. Wa kudanganya? Chora mstari ukutani, pembeni ya kile kisanduku cha mabegi.

Anayelaza kiti chake simlaumu, kwa taarifa yenu. Kiti kimeundwa kilale.

Wakati tunasubiri muujiza, msikimbilie kila siti iliyoandikwa nafasi ya ziada. Safu ya kwanza, ile inayotazamana na ukuta, ni mtego: goti liko huru lakini mguu haunyooki, begi huweki chini, meza imefichwa kwenye mkono wa kiti, na kitanda cha kichanga kinatundikwa ukutani mbele ya pua yako. Kwenye ndege kubwa, siti ya dirishani kando ya mlango mara nyingi ina lile tumbo la mlango linalohifadhi mtelezo wa kuokolea, limejitokeza palepale unapotaka kuweka mguu. Na zikiwa safu mbili za dharura zinazofuatana juu ya bawa, chukua ya nyuma, maana ya mbele kwa kawaida kiti hakilali.

Mwezi ujao nasafiri tena. Nimeshalipia, mlangoni, upande wa ujia. Mke wangu ameuliza ni kiasi gani, nimemwambia tutaongea nikirudi.