Kodi Arobaini na Moja

Mama mwenye nyumba aliwahi kuniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana hanioni nikidamkia matatu. Nikamwambia naandika kodi. "Basi andika na yangu," akasema, akaendelea kukata sukuma wiki.

Nilikuwa na deni lake la miezi miwili, hapa Kahawa West, Nairobi. Na kazi yenyewe, ile kodi ya kompyuta, usicheke, ilikuwa mfumo wa kuwajulisha wenye nyumba kwa ujumbe kila mpangaji anapolipa. Majaribio yake, yaani vipande vya kodi vya kuukagua mfumo, yalikuwa 41. Yote yalitaka mipangilio ileile, kwa hiyo nikaunda darasa mzazi, yaani fungu la kodi ambalo mafungu mengine hurithi kwake, nikatia ndani yake dikshonari moja, orodha ya mipangilio kwa majina yake: namba ya simu ya uongo, na swichi ya kutuma iliyozimwa. Madarasa mengine yakarithi. Nikajiona fundi kwelikweli.

Ijumaa nikataka kuona ujumbe mmoja ukiingia kwenye simu halisi. Yangu ilikuwa kwa fundi, barabara ya Luthuli mjini, ikibadilishwa kioo. Nikashuka dukani kwake mama mwenye nyumba.

"Mama, nikikutumia ujumbe wa majaribio, utakasirika?"

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Tuma."

Nikapanda juu, nikafungua darasa mtoto liitwalo Arifa, nikabadilisha dikshonari: namba ikawa ya mama, swichi ikawaka. Niliamini nimegusa ya Arifa peke yake. Kumbe katika Python, lugha niliyoandikia kodi hiyo, dikshonari iliyokaa kwenye darasa mzazi hairithiwi kwa nakala. Ni sufuria moja ya nyumba nzima: mtoto mmoja akitia pilipili, ndugu wote watalia. Dawa ni kulipatia kila jaribio nakala yake linapoanza, mstari mmoja tu, ambao niliuonea uvivu. Tena unittest, chombo cha Python cha kuendesha majaribio, hupanga madarasa ya faili kwa alfabeti, kwa hiyo Arifa likatangulia na kuwaachia wenzake uchafu. Ningeliita Zuhura ningepona.

Simu ya mama ni ile ya vibonyezo, na ujumbe ukiingia huwika jogoo. Akawika. Nikatabasamu. Akawika tena. Halafu ikawa ni banda zima la kuku, na wateja wanacheka, nami juu nabonyeza kila kitufe nilichowahi kukisikia. Nilipofanikiwa kusimamisha, hapakuwa na kitu cha kusimamisha. Yote 41 yamefaulu, rangi ya kijani.

Nusu saa kimya. Kisha nikasikia ndara kwenye ngazi.

"Kijana, ulisema mmoja."

"Pole mama, ni yule mzazi, watoto wake wote walitumia..."

"Sikuulizi mambo ya watoto wa watu." Akavaa miwani, akainua simu. "Nimesoma zote. Namba moja amelipa. Namba kumi amelipa. Namba hamsini amelipa, na nyumba hamsini sijajenga."

Akainua macho, akautazama mlango wangu palipoandikwa kwa chaki.

"Saba ndiyo sijaiona."