Rahkamo na Kokko wasipimwe kwa medali peke yake

Susanna Rahkamo na Petri Kokko wa Ufini hawakuwahi kupata medali ya Olimpiki, na ndiyo maana majina yao hutajwa kwa nadra pale historia ya dansi ya barafuni, mchezo ambao mwanamume na mwanamke hucheza dansi kwa viatu vya kuteleza, inaposimuliwa. Kwa maoni yangu hawatendewi haki, kwa sababu waliacha kitu ambacho wengi waliowashinda hawakuacha, nacho ni dansi waliyoitunga wenyewe, ambayo vizazi vya baadaye vimelazimika kujifunza na kupimwa kwayo.

Walipanda polepole. Katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992 walikuwa wa sita, na mwaka uliofuata walipata shaba ya Ulaya mjini Helsinki, mbele ya watu wa kwao. Lillehammer, mwaka 1994, walishika nafasi ya nne, nyuma ya jozi mbili za Urusi na Waingereza Torvill na Dean, mabingwa wa Olimpiki wa 1984 waliokuwa wamerejea mashindanoni baada ya miaka mingi ya maonyesho ya kulipwa; kukosa jukwaa kwa nafasi moja mbele ya watu wa aina hiyo si fedheha. Majuma machache baadaye, huko Chiba, Japani, walitwaa shaba ya dunia. Ikumbukwe kwamba enzi hizo za mfumo wa zamani ambao 6.0 ilikuwa alama ya juu kabisa, dansi ilikuwa na sifa mbaya ya foleni: jozi changa ilipanda pale tu waliotangulia walipostaafu.

Msimu wa 1994/95 kila jozi ilitakiwa kutunga dansi yake kwa mdundo wa kwikstepu, dansi ya ukumbini yenye mwendo wa kasi, na hapo ndipo Wafini hawa walipojitenga na wenzao. Katika dansi ya barafuni mwanamume hakuruhusiwa kumnyanyua mwenzake juu ya mabega, wala hapakuwa na miruko mikubwa ya kuwashangaza watazamaji, kwa hiyo ugumu wote ulikuwa miguuni. Wao walichagua mwendo wa mapigo 208 kwa dakika, wakaujaza hatua fupi za ncha ya kiatu, miruko midogo na mageuzi ya ghafla, huku wakiwa wameshikana kama wachezaji wa ukumbini. Mmoja akichelewa pigo moja tu, hata mtazamaji asiyejua kanuni ataona miguu minne ikipishana. Mwaka huo walitawazwa mabingwa wa Ulaya mjini Dortmund, wakapata fedha ya dunia mjini Birmingham nyuma ya Oksana Grishuk na Evgeni Platov, kisha wakastaafu. Ufini haikupata tena medali ya Ulaya katika dansi hadi mwaka 2023, pale Juulia Turkkila na Matthias Versluis waliposhika nafasi ya tatu mjini Espoo.

Kwikstepu ile ilipewa jina la Finnstep na kuingizwa na shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye barafu, ISU, katika orodha ya dansi rasmi. Katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, washindani wote walitakiwa kuicheza ndani ya dansi fupi, sehemu ya kwanza ya shindano. Kokko aliandika hadharani kwenye Twitter kwamba, kwa maoni yake, Wakanada Tessa Virtue na Scott Moir ndio waliostahili kuongoza, na kwamba Wamarekani Meryl Davis na Charlie White hawakwenda sawa na mdundo. Davis na White ndio waliochukua dhahabu.

Wapo watakaosema mstaafu alipaswa kunyamaza. Mimi sikubaliani nao, ingawa pia sidhani kwamba mtunzi ana haki ya kuamua mshindi, kwa kuwa majaji hupima mambo mengi zaidi ya hatua zile. Lakini kuhusu mdundo wa Finnstep, ni vigumu kumpata shahidi anayemzidi Kokko, isipokuwa labda Rahkamo mwenyewe.