Limitour: neno lililohukumiwa kwa shahidi mmoja

Waingereza wa karne ya 14 walikuwa na neno limitour. Ndani yake mna neno la Kilatini la mpaka, nalo lilimtaja mtawa ombaomba aliyeruhusiwa na nyumba yake ya kitawa kuomba sadaka katika eneo fulani tu. Leo wanaolikumbuka hulisikia kama tusi. Naona limeonewa, ingawa ushahidi dhidi yake ni mzito.

Ushahidi huo ni wa mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Katika Canterbury Tales, mkusanyiko wake wa hadithi, limitour wake ndiye hodari wa kuomba kuliko wenzake wote: hata mjane asiye na kiatu atatoa kisenti chake. Baadhi ya nakala za kale zinaongeza kwamba alilipia eneo lake ili mtawa mwenzake asilikanyage. Hadithi nyingine humo inachoma zaidi. Watawa wanapita nyumba kwa nyumba na vibao vya pembe za ndovu, wanaandika majina ya waliotoa ili wakawaombee. Wakishavuka kizingiti, majina yote yanafutwa. Mtu ametoa kipande cha jibini akiamini jina lake litatajwa mbele za Mungu! Hapo sina utetezi.

Lakini mpaka wenyewe una kosa gani? Kanuni ya Fransisko wa Asizi, iliyothibitishwa na Papa mwaka 1223, iliwakataza Ndugu Wadogo, yaani watawa wa shirika lake, kumiliki nyumba au kupokea fedha, ikawaagiza waende kuomba sadaka bila kuona haya. Sasa nyumba mbili za shirika hilohilo zikiwa jirani, bila mpaka mama yuleyule angebishiwa hodi leo na kesho, na unga ni uleule. Mpaka ulimkinga mtoaji. Tena ulimfanya mwombaji awe mtu anayejulikana, ambaye akidanganya mwaka huu, mwakani atarudi kwenye milango ileile.

Kwangu uozo uliingia pale eneo lilipolipiwa. Aliyelipa lazima arudishe chake, na wa kumrudishia ni yule mjane. Hilo ni kosa la biashara iliyopandikizwa juu ya utaratibu, na Chaucer, kwa ukali wake wote, aliliona sawasawa.

Mwaka 1538 serikali ya Henry VIII ilifunga nyumba za watawa ombaomba nchini Uingereza. Mipaka ikafa pamoja nazo, na neno likabaki mikononi mwa aliyelishtaki.